Kuhamia benki mtandao: kabla ya kuwasha mfumo

Habari zenu wote. Kabla hatujagusa mfumo mpya, safisheni kwanza taarifa za wateja. Namba ya simu ndiyo itakayopokea msimbo wa mara moja, yaani namba fupi ya siri ya kuthibitisha kuwa ni mteja mwenyewe. Ikiwa ni ya zamani, au wateja wawili wamesajiliwa kwa namba moja, msimbo utaangukia mikononi mwa mtu mwingine. Wizi unaweza kuanzia hapo, si kwenye seva tu.

Kuhamisha salio: fungeni hesabu za siku, hifadhini nakala, hamisheni, kisha linganisheni jumla ya kila aina ya akaunti na leja kuu (daftari kuu la hesabu zote), hadi senti. Hata zikilingana, kagueni akaunti kadhaa mojamoja, maana makosa mawili yanayopingana hufichana. Msifanye mwisho wa mwezi, tafadhali. Mishahara na riba vitawavuruga.

Kila muamala upewe namba ya pekee kabla mteja hajabonyeza "tuma". Mtandao ukikwama atabonyeza tena, na mfumo usipoitambua namba ileile, atakatwa mara mbili.

Tuanze na kuangalia salio tu, wafanyakazi wakijaribu kwanza. Kutuma pesa kutafuata, kwa kikomo kidogo. Hatua za kurudi mfumo wa zamani ziandikwe mapema, na ijulikane nani ana kauli ya mwisho.