Mwanangu, kikaango kinakuja na basi la Jumamosi

Mwanjelwa, Mbeya
Jumatano usiku

Mama,

Sisi huku wazima. Baridi tu ndiyo haijatuachia. Asubuhi nikifungua bucha vidole vinakataa kushika kisu mpaka nivizungushie kikombe cha chai kwanza. Mama yako anakusalimu sana. Mdogo wako naye anakusalimu, anasema kama una hela ya vocha umkumbuke. Usimkumbuke.

Jumamosi nenda stendi ukapokee boksi. Nimeandika jina lako na namba ya simu kwa kalamu nene, konda atakupigia wakiingia Iringa. Ukiliona zito usidhani nimekutumia jiwe la kusagia. Ni kikaango. Fundi wa pale Sido kanikatia bamba nene la chuma, kakunja kingo, kachomelea na mpini. Mimi nimekizoesha mafuta: nimekiosha, nikakikausha motoni, nikakipaka mafuta kidogo sana kwa kitambaa na kukiacha kwenye moto mpaka moshi uishe, halafu nikarudia mara tatu. Sasa ni cheusi na kinang'aa kama kiatu cha askari. Usikisugue kwa steliwaya, utaondoa kazi yangu yote. Maji ya moto na kitambaa vinatosha, kisha ukikaushe juu ya moto maana chuma hakisamehe unyevu.

Najua unajiuliza baba kapatwa na nini.

Unakumbuka ile jioni ya mwezi wa saba, baba mkubwa na shangazi walipokuja kutoka Tukuyu? Ulijifungia jikoni ukasema leo wageni wanakula taco za baga. Ukatuletea visahani: chapati ndogo imekunjwa katikati, nyama imeng'ang'ania upande wa ndani, kachumbari inachungulia. Mimi nikainua yangu karibu na taa, nikauliza kama hii chapati imekanyagwa na lori la ng'ombe. Watu wakavunjika mbavu. Shangazi akaomba ugali. Wewe ukacheka pia, lakini nilikuona ulivyokusanya visahani upesi upesi.

Kilichofuata sijawahi kukwambia. Saa tano usiku nilitoka kunywa maji, nikakuta mbili umezifunikia bakuli. Nilizila nimesimama, zimepoa, taa sikuwasha. Zilikuwa tamu, mama. Asubuhi ulipouliza nani kazila nilikaa kimya, na lawama akabeba paka wa watu.

Tangu umerudi chuo, Jumamosi jioni hapa kwetu ni siku ya taco. Nimezipika mara tisa sasa. Mbili za kwanza zilikuwa aibu, ya tatu ilikuwa afadhali, na kuanzia ya tano mdogo wako aliacha kupitia kwa jirani kuuliza wamepika nini. Nakuandikia niliyoyapata, kwa sababu kwenye nyama palikuwa na kosa, na kosa lenyewe si lako. Nyama nilikukatia mimi.

Nilikupa sarara. Nilidhani nakupendelea, si unajua sarara wanainunua wenye harusi. Lakini sarara haina mafuta, na nyama isiyo na mafuta ukiisaga na kuibana kwenye chuma cha moto inakauka, inakuwa kama makapi. Ndiyo maana ile jioni ilikuwa ngumu kidogo pembeni. Miaka ishirini na kitu nasimama nyuma ya gogo nauza nyama, na sikuwaza hilo. Sasa nachukua mkono wa ng'ombe, ile sehemu ya bega, nachanganya na kidari, na juu yake kipande cha nundu. Kwa nusu kilo piga hesabu ya gramu 400 za nyama na 100 za mafuta. Ng'ombe wetu hawa wa kienyeji wamejaliwa nundu, na mafuta yake hayakwami kwenye kaakaa kama ya figo.

Huko Iringa usinunue nyama iliyokwisha kusagwa imelala kwenye trei. Nasema hivi nikijua nawasemea wenzangu wa kazi. Chagua kipande mwenyewe, angalia kama kina mhuri wa mkaguzi, halafu asage mbele yako, na uipike siku hiyo hiyo. Vijidudu vya nyama vinakaa juu ya kipande. Ukishaisaga, cha juu kimeingia ndani, na kila punje imeguswa. Kipande cha steki waweza kukila hakijaiva vizuri katikati na usipate neno, ya kusaga lazima iive yote. Uzuri wa hizi taco zako ni kwamba nyama inapakwa nyembamba kiasi kwamba haina pa kujificha.

Chumvi usiichanganye na nyama mapema. Nilifanya hivyo Jumamosi ya kwanza, nikaikanda kabisa na kitunguu saumu na pilipili manga kama nafanya kababu, nikaiacha saa nzima. Ikatoka inanesa kama soseji. Chumvi inaivuta nyama ishikane. Wewe nyunyiza ikishapakwa kwenye chapati, sekunde chache kabla ya kuingia motoni. Na usiikande, iguse tu.

Sasa chapati. Hapa nilipata wazo la kujifanya mjuaji. Nilisikia kwamba wenyewe wa Meksiko taco yao ya asili inatumia mkate wa mahindi, na kwamba mahindi yenyewe asili yake ni kwao, kiasi cha miaka 9,000 iliyopita. Nikasema basi, mtu wa Mbeya atashindwaje na mahindi? Nikachukua sembe, maji ya moto, nikakanda, nikasukuma kwa chupa. Ikapasuka. Nikaongeza maji, ikanata. Nikaongeza unga, ikapasuka tena. Mama yako alikuwa kwenye kigoda anachambua mchele, hakusema kitu, alikuwa anatikisika mabega tu. Baadaye ndipo nikaelewa: wenzetu mahindi yao wanayachemsha kwanza kwenye maji ya chokaa, ganda linalainika na kutoka, halafu wanayasaga yakiwa bado na majimaji hivyo hivyo. Unga wa namna hiyo unashikana. Sembe yetu imetoka mashineni kavu, ni ya ugali na itabaki kuwa ya ugali.

Kwa hiyo ngano. Robo kilo ya unga inatoa nane, na nane ndiyo nusu kilo ya nyama inavyogawanyika. Chumvi kidogo, vijiko viwili vya mafuta, maji ya moto ya kuvumilika mkononi, ukande mpaka donge liwe laini kama ndewe ya sikio. Lifunike dakika ishirini, usiruke hatua hii, bila kupumzika chapati inajirudi kila ukiisukuma. Gawa madonge manane, sukuma nyembamba, upana wa kiganja chako na vidole. Babua kwenye kikaango kikavu, bila tone la mafuta, nusu dakika upande huu, nusu dakika ule. Ukiziona bado zina weupe ziache hivyo hivyo, zitarudi motoni. Zikitoka zikunje kwenye taulo la jikoni zisikauke.

Ukifanya chapati Jumapili, ukazihifadhi kwenye mfuko, basi siku za wiki ukitoka kipindi cha jioni ni suala la dakika kumi na tano. Na kama hata Jumapili huna nafasi, zungumza na mama chapati wa hapo karibu na geto lenu akusukumie nyembamba, zisizo na mafuta mengi. Ila zile za maji hapana.

Kupika kwenyewe ni haraka, usiende kupokea simu. Chukua nyama ukubwa wa yai, iweke katikati ya chapati, ibonyeze kwa vidole mpaka ifike ukingoni kabisa, hata ipitilize kidogo maana itajikunja. Iwe nyembamba hata uone chapati kwa mbali. Kikaango kiwe kimeshika moto kweli. Dondosha tone la maji, likikimbia huku na huku, tayari. Nyunyiza chumvi, geuza, nyama iende chini. Kandamiza kwa kitako cha sufuria ndogo, hesabu mpaka kumi, halafu iache. Hapa ndipo nilipokuwa nikiharibu, nilikuwa nainyanyua kila mara kuchungulia. Dakika mbili, mbili na nusu. Ikiiva itajibandua yenyewe.

Ulinieleza wewe ulipokuwa kidato cha nne, nami nilikuwa nasikiliza ingawa nilijifanya nasikiliza redio, kwamba maji yakichemka kwenye sufuria ya kawaida hayapiti nyuzi 100, na kwetu huku juu hata hizo hayafiki, yanachemka kwenye 94 hivi, ndiyo maharage yanatumalizia mkaa. Basi na hii ni hiyo hiyo. Nyama ikitoa maji, inachemka kwenye maji yake na kubaki ya kijivu. Ile rangi ya kahawia na ile harufu inayomfanya jirani atoe kichwa dirishani vinahitaji joto kubwa kuliko hapo. Kwa hiyo kikaango kizito, kisichopoa ukiweka kitu, na taco mbili kwa wakati mmoja, zisizidi. Nikaona kwa hicho kisufuria chako cha aluminiamu na ule mtungi wa gesi wa kilo 6 mnaoshirikiana watatu hamtafika popote. Nikaenda kwa fundi.

Ukigeuza, chapati ikiwa chini sasa, weka jibini juu ya nyama iyeyuke. Jibini la Njombe ni zuri, bei yake ndiyo inataka mtu ajipange. Mimi naweka parachichi la Rungwe, lililoiva likapondwa na ndimu na chumvi, likapakwa baada ya kuepua. Nasema ni bora kuliko jibini. Mama yako hakubaliani na mimi, na kwa kuwa hela ya jibini anatoa yeye, tunaacha mjadala hapo.

Vya juu sina la kukufundisha. Nyanya za Ilula ziko mlangoni kwako, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni ndiyo hivyo vinashuka hapo. Kabichi mimi naipenda kuliko saladi ya majani, ikikatwa nyembamba kama nywele haisinyai kwa joto. Yale matango ya chupa uliyoweka sikuyapata kwa bei ya kibinadamu, nikakata tango la kawaida na kitunguu, nikaviloweka kwenye siki, sukari kidogo na chumvi tangu mchana. Vinakata mafuta vizuri. Pilipili mbuzi moja, mbegu utoe. Kunja, kula papo hapo. Ikikaa inalegea, usije ukaipakia kwenye kontena kupeleka darasani.

Jambo jingine. Bucha imepata biashara. Mdogo wako kaenda kuzitangaza shuleni, sasa wazazi wawili watatu wa mtaa huu wanakuja Jumamosi wanasema, "Mzee, nisagie ile ya mwanao." Nawasagia kwa mchanganyiko ule ule, bega, kidari na nundu. Mmoja aliniuliza taco ni nini, nikamwambia ni baga iliyokataa skonzi. Akaniuliza baga ni nini, nikamwambia jina limetoka Hamburg, Ujerumani, mengine amuulize binti yangu akija likizo.

Sasa hoja yangu. Ile sosi uliyopaka, ya rangi ya waridi, siipati. Nimechanganya mayonezi na tomato sosi, rangi ikaja sawa sawa, ladha hapana. Mama yako anasema alikuona unaponda kitunguu saumu. Mdogo wako anaapa ulimimina maji ya ile chupa ya matango. Mimi nahisi kulikuwa na haradali, kwa sababu usiku ule gizani kuna kitu kilinipanda puani. Nimejaribu vyote vitatu, mara ikawa chachu, mara ikawa kali, Jumamosi iliyopita ilikuwa kama dawa ya mifugo. Niandikie uliweka nini. Kwa vipimo, kijiko kikubwa au kidogo, usiniandikie "kiasi" kama bibi yako.

Shangazi anakuja tena mwezi wa kumi na mbili. Nimeshamwambia ugali hautapikwa.

Baba yako