Kwa mwanangu: wingu linalojisukuma lenyewe

Mwanangu mpendwa,

Uliniuliza kwenye pantoni kwa nini mawingu makubwa ya mchana upande wa Pugu yana kitako bapa ilhali juu yamefura, tukafika Magogoni kabla sijakujibu. Swali hilo linastahili barua.

Jua likishachoma tangu asubuhi, ardhi na mabati ya nyumba hupasha hewa iliyo karibu. Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda. Wakati huohuo upepo wa bahari unaingiza unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na ukifika vilima vya Pugu na Kisarawe unainuliwa zaidi. Ndiyo maana ufukweni Kigamboni kunaweza kuwa kweupe kabisa huku bara wingu limesimama.

Hewa ikipanda hupoa, takriban nyuzi 10 kwa kila kilomita, hadi mvuke wake uanze kuwa matone. Kimo hicho hakitofautiani sana katika eneo moja. Hapo ndipo kitako kinapojipanga. Chini yake mvuke upo pia, ila hauonekani.

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mvuke ukigeuka maji unaachia joto ulilolichukua ulipotoka baharini. Kilo moja tu inaachia joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 7 za maji ya bomba! Hewa ndani ya wingu inabaki na joto kuliko ya nje, inazidi kupanda, mvuke mwingine unageuka maji, joto jingine linatoka. Likazanie macho ukingoni kwa dakika chache: utaona vinundu vinachomoza na kupindukia nje, na vipya vinatokeza katikati yake.

Vinundu vyenye kingo kali bado ni matone ya maji. Kingo zikififia zikawa nyuzinyuzi, barafu imeshaingia. Kilele kikitandaa pembeni, hilo ni wingu la radi, na kwetu tropiki linaweza kupita kilomita 15 kwenda juu.

Huko bweni mnacheza mpira jioni, kwa hiyo nisikilize. Upepo wa baridi ukiwapiga ghafla uwanjani, ni hewa iliyoshushwa na mvua iliyo karibu. Msingoje matone. Ingieni darasani, msijikinge chini ya mwembe, na msitoke mpaka ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho.

Mama yako