Mapigo hutua pamoja, Mhariri

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua nisahihishe maelezo mliyoyachapa wiki mbili zilizopita, kwenye safu ya vijana, kuhusu mchezo wa karata wa wanyonya damu uitwao Vampire: The Eternal Struggle. Nilifurahi sana kuona gazeti la Kiswahili limeukumbuka mchezo huu. Lakini kanuni za pambano zimeelezwa kwa makosa mahali patatu, na kosa moja limewagombanisha wapwa zangu wawili kiasi kwamba hadi leo naandika hawasemezani.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Helsinki, kazi yangu ni kuendesha basi la mjini. Mchezo huu nimeucheza tangu 2008. Alinifundisha mzee mmoja Mfini, abiria wangu wa kila siku, ambaye siku moja alinionyesha karata zake tukiwa tumesimama kituo cha mwisho tukisubiri theluji isafishwe barabarani. Mwaka 2010 uchapishaji ulisimama, wengi wakadhani mchezo umekufa. Sisi tuliendelea kila Jumamosi na karata zilezile mpaka kingo zikachakaa, na mwaka 2018 zikaanza kuchapwa upya na kampuni ya Black Chantry. Siku hizi mashindano yakifanyika hapa mtaani huwa naombwa nisimame kama mwamuzi. Kwa hiyo ninayoyasema nimeyaamua mezani mara nyingi, mbele ya watu wenye hasira.

Desemba iliyopita nilikuja likizo nikamwachia dada yangu, kwa ajili ya watoto wake, seti nne za karata. Mkubwa ni kijana wa miaka 17, mdogo wake ni binti wa miaka 14, na watoto wawili wa jirani hukamilisha meza. Kila mchezaji huanza na hazina ya damu 30, na hiyo ndiyo roho yake: ikiisha, ametoka. Kuhesabia damu wanatumia kete za bao. Bao moja lina kete 64, hazitoshi watu wanne, ndipo wakaazima na za jirani zikawa 128. Zikipungua wanaongeza mbegu za ubuyu.

Sasa nieleze kilichotokea. Katika mchezo huu anayekaa kushoto kwako ni windo lako, unachota hazina yake. Anayekaa kulia kwako ndiye mwindaji wako. Binti amekaa kushoto kwa kaka yake. Kaka akamtuma mmoja wa wanyonya damu wa karata zake, wa ukoo wa Toreador, mwenye damu yake mwenyewe 2 (mbali na hazina ya mchezaji) na bastola ya .44 Magnum mkononi, akachote hazina ya dada. Dada akamzuia kwa mnyonya damu wake wa ukoo wa Osebo, mwenye damu 1 tu. Kumzuia mtu maana yake ni pambano.

Pambano huanza wakiwa karibu. Bastola hiyo humpa mwenye nayo nafasi moja ya kusogea katika kila pambano, basi kaka akaitumia kwenda mbali. Dada akatoa karata ya kusogea akamrudisha karibu. Hapo tayari alikuwa amempandisha Osebo nguvu zikafika 3, maana mkono mtupu kwa kawaida hupiga 1. Kaka akatangaza: napiga bastola, 2. Dada akatangaza: napiga mkono, 3.

Ndipo kaka akafungua gazeti lenu. Mliandika kwamba mwenye zamu hupiga kwanza, na mpinzani akianguka hana nafasi ya kurudisha. Akasema bastola yake imetua, Osebo ana damu 1, ameanguka, mkono wa dada umebaki hewani. Dada akaona ameonewa na hakuwa na la kumjibu, kwa sababu limeandikwa gazetini. Nilipigiwa simu saa nne usiku kwa saa za huko, wote wawili wakisema kwa pamoja, "Mjomba, hebu sikia!"

Mhariri, mwenye zamu HUCHAGUA kwanza. Kuchagua si kupiga. Yeye anatangaza pigo lake, mpinzani anasikia ndipo anatangaza la kwake, na hapo kuna faida kwa mpinzani, kwa sababu anachagua akiwa anajua kinachomjia. Baada ya wote kutangaza, mapigo mawili hutua wakati mmoja. Hakuna wa mwanzo. Bastola ilimpata Osebo kwa 2, na kwa dakika ileile mkono wa Osebo ulimpata Toreador kwa 3.

Yapo mapigo yanayovunja utaratibu huo, na karata yenyewe husema wazi. Lipo pigo linalotangulia: likimwangusha mpinzani, kweli pigo lake halitui tena. Huenda mwandishi wenu aliona karata ya namna hiyo akadhani ndiyo kanuni ya wote. Yapo pia mapigo ya kukwepa, ambapo hupigi lakini pigo la mwenzako halikupati, hata kama ni la kutangulia. Na yapo ya kumaliza pambano, kama karata ya Majesty ambayo Toreador wengi huibeba. Hilo hutangulia kila kitu, hata pigo la kutangulia, na halikwepeki. Kijana angekuwa na Majesty mkononi na kuichagua, pambano lingeisha palepale na hakuna ambaye angeumia. Hakuwa nayo. Alikuwa na bastola, akachagua bastola.

Kosa la pili ni kuhusu kifo, na hili ndilo linaloharibu kabisa ladha ya mchezo. Mmeandika kwamba mnyonya damu akiishiwa damu hufa. Hafi. Wala haanguki. Damu aliyonayo ndiyo dawa yake: kila jeraha 1 analipa damu 1 kuliponya. Kama ana karata ya kuzuia majeraha, huzuia kwanza, kinachobaki ndicho anachokilipia. Chukua mwenye damu 2. Akipigwa 2, analipa zote mbili, anabaki na 0, na bado amesimama wima. Zamu yake ikifika atalazimika kwenda kuwinda apate damu, basi. Akipigwa 3, analipa 2, na lile jeraha la tatu lisilolipiwa ndilo linalomlaza torpa, yaani usingizi mzito usio kifo. Hata angepigwa 7, matokeo ni hayohayo: yuko torpa, hana damu, lakini yupo. Nimeona watu wakimtupa kwenye rundo la walioteketea mnyonya damu ambaye angeinuka baada ya zamu mbili.

Mlichokiacha kabisa ni majeraha mazito, yale ya moto, ya jua, na ya makucha ya ukoo wa Gangrel. Hayo hayaponywi kwa damu. Hapa naomba msomaji atulie, maana hata wazoefu huteleza. Mwenye damu 4 akipata jeraha zito 1, anakwenda torpa na damu yake yote 4, hakuna anacholipa. Akipata mazito 2 kwa pamoja, la kwanza linamlaza, la pili linataka kumteketeza, naye analipa damu 1 kujiokoa. Anafika torpa na damu 3. Sasa fikiria asiye na damu hata tone: jeraha zito la kwanza linamlaza, la pili hana cha kulilipia, anateketea moja kwa moja. Na majeraha ya kawaida yakija pamoja na mazito, ya kawaida hushughulikiwa kwanza. Kwa hiyo aliyeishiwa damu kweli yuko hatarini, ila hatari yake inatoka huko.

La tatu ni dogo. Mmesema bastola hutumika mbali tu. Bastola hupiga mbali na karibu pia. Mkono ndio unaotaka karibu. Mtu huenda mbali kwa sababu huko mkono wa adui haumfikii. Na katika kusogea huko, huwezi kusogea mara mbili mfululizo. Ukishasogea, ni mpaka mwenzako ajibu. Kama binti angekuwa na karata ya Immortal Grapple, angeitoa wakiwa karibu kabla ya mapigo kuchaguliwa, na raundi ile isingeruhusu pigo lolote isipokuwa la mkono. Bastola ingekuwa chuma tu.

Niongeze na mapigo ya ziada, kwa sababu kijana ameniuliza juzi. Ni kweli karata kama Blur humpa mnyonya damu pigo la ziada, au mawili kwa aliyebobea. Lakini huruhusiwi kutumia Blur tatu katika raundi moja ukajikusanyia mapigo sita. Chanzo kimoja cha mapigo ya ziada kwa raundi moja, mwisho. Tena yanakuja baada ya yale mapigo mawili ya mwanzo kutua, na aliyekwisha kulala torpa hapigi la ziada.

Jambo jingine si la kanuni, ila limeniuma. Makala iliuita mchezo huu kwa jina lake la 1994, Jyhad, ulipotolewa kwanza na Wizards of the Coast kwa ubunifu wa Richard Garfield. Jina hilo lilibadilishwa mwaka 1995, na kila anayelisikia anajua sababu. Mama yangu alisomewa makala na mjukuu wake, akaniuliza kwa upole kama nimewaletea watoto mchezo wa kuichezea dini. Nilijisikia vibaya sana. Nilimweleza kwamba jina hilo lilishaachwa tangu mimi sijaoa. Ningeshukuru kama mngelisema hilo gazetini, ili alisikie na huko pia.

Mngeweza badala yake kuwaambia wasomaji kwamba sisi tumo ndani ya mchezo huu. Toleo la 2005, Legacies of Blood, lilileta koo nne za Afrika: Akunanse, Guruhi, Ishtarri na Osebo. Wanyonya damu hao kwa jumla huitwa laibon. Neno hilo si la kubuni, ni la Wamaasai. Laiboni ni kiongozi wa mila, mbashiri na mganga, na mtu wa Arusha au Kajiado hahitaji kuelezwa. Mimi sijapendezwa kwamba cheo cha heshima namna hiyo wamepewa wanyonya damu, na nimewaambia wenzangu hapa Helsinki mara nyingi. Lakini binti alichagua Osebo nilipomwambia kuwa katika hadithi za Waakani wa Ghana, Osebo ni chui. Alishika zile karata kama kitu chake.

Turudi mezani Tanga, kwa sababu pambano lile bado halijaamuliwa. Watoto wameniambia kuwa wananiamini, lakini kwa kuwa kosa limetoka gazetini, na sahihisho litoke gazetini. Nimeona wana haki. Karata hazijapanguliwa, ziko kwenye mkeka chumba cha uani, wamezifunika kwa ungo, na dada yangu anazunguka nazo kila akifagia. Kwa hiyo natoa uamuzi wangu hapa, nikiomba mwuchape kabla ya Jumamosi.

Mapigo yametua pamoja. Osebo alikuwa na damu 1, amepigwa 2: amelipa 1, jeraha la pili limemlaza torpa akiwa na 0. Toreador alikuwa na damu 2, amepigwa 3: amelipa 2, la tatu limemlaza torpa akiwa na 0. Bastola inabaki kwake huko torpa. Pambano limekwisha. Hakuna aliyekufa, na hazina ya dada haikuchotwa kwa sababu kitendo kilizuiwa.

Kaka amalize zamu yake. Zamu inayofuata ni ya dada, na nimeangalia picha aliyonitumia: anaye mnyonya damu mwingine aliyesimama, mwenye damu 4. Anaweza kumtuma akamwinue Osebo, kwa gharama ya damu 2. Au anaweza kumtuma akamteketeze Toreador wa kaka yake hukohuko torpa na kuichukua ile bastola, kisha meza nzima ipige kura kama naye awindwe kwa tendo hilo. Watoto wa jirani wana kura, na kaka pia. Binti achague mwenyewe, asinipigie simu kuniuliza.

Wako msomaji,
Mwenyeji wa Tanga,
Helsinki