Ovaroli isiyoshika moto isitiwe jiki

Mhariri,

Mafundi wa kuchomelea vyuma wanauziwa ovaroli za pamba zilizoandikwa "haishiki moto" bila kuambiwa dawa ya kuzuia moto iliyomo imeshikaje kwenye uzi. Hilo ndilo swali la kumbana nalo muuzaji.

Dawa nyepesi ni boraksi na asidi ya boriki: gramu 70 kwa gramu 30 katika lita moja ya maji ya moto. Kitambaa kinalowekwa, kinakamuliwa, kinaanikwa. Kwa mapazia ya jukwaani inafaa kabisa. Lakini ni chumvi tu. Ukifua inaondoka na maji, na fundi anabaki na pamba tupu mwilini.

Ya kudumu ni polima, yaani molekuli nyingi zilizoungana, inayojengwa ndani ya uzi wenyewe. Kitambaa huondolewa kwanza wanga na mafuta, kikachovywa katika mchanganyiko wa chumvi ya fosfoniamu (THPC) na urea, kikakaushwa, kisha kikapitishwa kwenye gesi ya amonia inayoziunganisha molekuli hizo hadi zisiyeyuke tena. Kazi huharibikia kwenye kukausha. Unyevu ubaki kama asilimia 10 hadi 15: kikiwa kibichi mno, polima hujijenga juu juu na kupukutika kwenye mafuo, kikikauka mno, amonia haiingii vizuri. Hufuata hidrojeni peroksaidi ya kuiimarisha fosforasi iliyomo kwenye polima, na kusuuza sana ili formaldehaidi, kemikali inayowasha, itoke. Kitambaa kipya kinachowasha macho hakikusuuzwa vya kutosha.

Moto ukigusa, fosforasi huifanya pamba igeuke makaa na maji badala ya kutoa gesi zinazowaka. Joto bado linapita, kwa hiyo fulana ya ndani iwe ya pamba, si ya nailoni inayoyeyukia ngozini.

Tunasihi pia wanaofua: msitie jiki. Klorini huivunja polima hiyo, na kwa macho nguo haionyeshi tofauti yoyote. Sabuni ya mche kwenye maji ya chumvi huacha utando wa mafuta, nao huwaka. Tumieni sabuni ya unga isiyo na dawa ya kung'arisha.

Wenye viwanda, kabla ya kulipia mzigo kateni vipande viwili. Kimoja kifuliwe mara tano na kukaushwa. Nje, mbali na vitu vinavyowaka, kila kimoja kining'inizwe wima kwa koleo na kiwashiwe moto chini kwa sekunde 12. Moto ukiondolewa, kitambaa kizimike papo hapo. Mafuo matano hayathibitishi uimara wa miaka, lakini dawa ya chumvi haiyavuki. Kilichofuliwa kikiendelea kuwaka, rudisheni mzigo wote.

Wakemia wa vitambaa,
Dar es Salaam