Barua ya malalamiko: safari ya Kitulo hadi Ziwa Nyasa

Mikocheni,
Dar es Salaam.
11 Agosti 2025

Meneja,
Kampuni ya Utalii,
Mbeya.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SEHEMU YA KUOGELEA KATIKA SAFARI YA KITULO HADI MATEMA

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Naandika kwa niaba ya kikundi chetu cha waogeleaji. Mwezi Julai mlitupeleka kwenye safari mliyoitangaza kwa jina la "Mlima na Maji": kutembea kutoka uwanda wa Kitulo, kushuka Milima ya Livingstone hadi Matema, kisha kufuata ufukwe wa Ziwa Nyasa kutoka Lyulilo kuelekea Ikombe kwa vipande, yaani unaogelea, unapanda kwenye miamba, unatembea, unarudi majini. Niliporudi Dar nilipiga simu ofisini kwenu, nikajibiwa kwamba malalamiko hupokelewa kwa maandishi tu. Basi haya hapa.

Kwanza, haki ya mtu. Kijana mliyetupa kutuongoza mlimani anaijua kazi yake. Kitulo ilikuwa na baridi ya kukausha midomo, nasi watu wa pwani tulikuwa tumevaa kama tunaenda Coco Beach, lakini alitupangia mwendo vizuri, akatupumzisha kabla hatujaomba, na kwenye msitu wa mianzi, ambako njia ilikuwa inateleza kama sabuni, alimshika mkono kila mmoja wetu. Mkimkata hata shilingi moja kwa sababu ya barua hii mtakuwa mmemwonea.

Tatizo ni kwamba kijana huyo hajui kuogelea. Alitwambia mwenyewe, bila kuficha, tukiwa tayari tumevaa miwani ya kuogelea pale ufukweni Lyulilo. Tukamuuliza mwokoaji yuko wapi. Akasema ofisi ilimwambia "atapatikana hukohuko." Tukauliza boti ya injini iliyoandikwa kwenye tangazo lenu. Naye akaanza kupiga simu. Maboya ya rangi mliyoahidi kumfungia kila muogeleaji kiunoni hayakuwepo pia. Tulitumia mawili tuliyokuja nayo wenyewe kutoka nyumbani, tukapeana kwa zamu.

Tangazo lenu linajisifu kwamba safari hii imeiga michezo ya Uswidi. Mngeiga yote. Mashindano ya kule ya kukimbia na kuogelea kutoka kisiwa hadi kisiwa, ambayo yalianza rasmi mwaka 2006 kwenye visiwa vya karibu na Stockholm, watu hushiriki wawili wawili, na wenza hawaruhusiwi kuachana mbali wakiwa majini. Sababu yake iko wazi kwa yeyote aliyewahi kuogelea nje ya bwawa: mtu anayezama hapigi kelele, na aliye mbali naye hamwoni. Ninyi mmechukua picha nzuri na jina la Uswidi, mkaacha ule utaratibu unaowarudisha watu nyumbani.

Sasa niwaeleze boti iliyopatikana, kwa sababu nina hakika ofisini hamjaambiwa. Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko la vyungu Lyulilo. Wanawake wa Kikisi wanaofinyanga vyungu kule Ikombe walikuwa wamemaliza kuuza na wanarudi kwao. Kiongozi wetu, kwa kuhangaika, alimpa mwenye mtumbwi mmoja shilingi elfu kumi atusindikize kwa kuwa anaelekea upande uleule. Mtumbwi wenyewe ni gogo lililochongwa, mwembamba, na ndani yake mlikuwa na vyungu ambavyo havikupata mnunuzi vimepangwa kwenye majani makavu, kiroba cha unga wa mahindi, na mama mmoja na mtoto wake mgongoni. Hicho ndicho chombo chetu cha uokoaji. Hapakuwa na jaketi la kuokolea hata moja. Hapakuwa hata na nafasi ya kumlaza mtu. Yule mama alitutazama akauliza, "Hawa wamekosa nauli?" Tulicheka wakati ule.

Halafu saa. Ratiba yenu inasema tunashuka Matema, tunalala, tunaingia majini asubuhi. Kwa kuwa gari lenu lilichelewa kutufikisha Kitulo, ofisi ilimwagiza kiongozi aunganishe mteremko na kuogelea siku moja, ili gari liwahi wageni wengine. Kitulo iko kwenye mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Mtu akishateremka zaidi ya mita 2,000 kwa magoti yake, misuli ya miguu imeshachoka kabla hajagusa maji. Na Julai ni msimu wa kusi. Upepo huo unalipiga ziwa kutoka kusini kwa urefu wake wote, na Matema iko mwisho kabisa kaskazini, mahali mawimbi yanapoishia. Mvuvi mmoja alituonya tungali ufukweni: "Dada, hili la asubuhi na hili la sasa siyo ziwa moja." Mnafanya biashara Mbeya, hayo mlipaswa kuyajua kuliko sisi tuliotoka Mikocheni.

Kipande cha kwanza kilikwenda salama. Kwenye cha pili, tukiwa tunapita chini ya miamba ambapo hakuna pa kutokea, mwenzetu mmoja shavu la mguu lilimkaza, kisha na la pili. Yeye ni muogeleaji mzuri, huvuka bahari kwenda Bongoyo bila wasiwasi, lakini miguu yote miwili ikikaza huku mawimbi yanakusukuma kwenye jiwe, uzuri huo haukusaidii. Mwenye mtumbwi alikuwa ameshabana kandokando kuyakimbia mawimbi, na simlaumu. Ana abiria na mtoto mchanga. Mimi na mwingine ndio tuliomshikisha boya na kumvuta mpaka kwenye ufa wa jabali. Alitoka na jeraha la wayo lililoshonwa hospitalini pale Matema. Kiongozi wenu alikuwa juu ya njia, anakimbia na kamba mkononi, analia.

Jambo jingine dogo, lakini mlirekebishe kwenye tangazo: mmeandika kwamba ziwa "halina ugonjwa wowote." Kichocho kipo Ziwa Nyasa, hasa penye majani na maji yaliyotulia ambako konokono hukaa. Mteja aambiwe ili baada ya wiki kadhaa akapime na kupewa dawa. Vilevile aambiwe asikaribie midomo ya mito, kwa ajili ya mamba. Kumwambia ukweli hakumfukuzi muogeleaji. Sisi tungekuja tu.

Nilipopiga simu, afisa wenu alinikumbusha fomu tuliyosaini, kwamba mteja "anabeba hatari zote." Fomu hiyo tulipewa usiku, juu ya boneti ya gari, kwa mwanga wa simu. Hata hivyo tuiache ilivyo. Hatari ya wimbi ni yetu, tuliikubali tangu siku tuliyolipa. Kutokuwepo kwa boti, mwokoaji na maboya siyo hatari ya ziwa. Ni huduma iliyolipiwa ambayo haikutolewa, na kwa Kiswahili cha mtaani mlituuzia mbuzi kwenye gunia. Afisa akanipa ofa ya punguzo la asilimia kumi kwenye safari ijayo. Sihitaji punguzo la kurudi palepale.

Ankara yenu inaonyesha shilingi 180,000 kwa kila mtu chini ya maneno "kuogelea, boti na mwokoaji." Tunataka fedha hizo zirudishwe zote kwa kila mmoja wetu, pamoja na gharama za matibabu ya mwenzetu, ambazo risiti zake nimeambatisha. Tunataka pia msitishe kuuza sehemu ya majini mpaka mpate mtu aliyefunzwa uokoaji na boti yenye injini inayongoja watu, siyo inayopita njia. Matembezi ya mlimani endeleeni nayo, mnayaweza. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata, nakala ya barua hii itakwenda kwa mamlaka inayotoa leseni za wakala wa utalii, na kwa Tume ya Ushindani, ambako mlaji hupeleka malalamiko ya huduma.

Mwisho, kuna begi la bluu la mwenzetu lililobaki kwenye gari lenu, lina nguo kavu na simu. Dereva amekiri analo. Litumeni kwa basi hadi stendi ya Magufuli na mnipigie linapoondoka Mbeya. Nauli ya mzigo tutalipa sisi.

Wenu,

Katibu wa kikundi
(Viambatisho: ankara, tangazo, risiti za hospitali)