Kwenu kamati za dahalia: anzeni kwenye tangi

Assalaam alaykum wanangu,

Nawaandikia nyinyi mnaosimamia dahalia za vyuo vyetu hapa Zanzibar, Tunguu, Beit el Ras na kule Pemba, pamoja na walezi wanaokaa nanyi na wenzenu waliopanga vyumba mitaani. Mwaka wa masomo ukianza, kwenye karatasi ya madai jengo jipya huwekwa juu kabisa. Jengo linangoja bajeti, na bajeti haiko mikononi mwenu. Ila ugomvi mwingi wa dahalia unaodhaniwa ni wa tabia, fulani kachukua ndoo ya mwenzake, fulani hachelewi ila kipindi cha kwanza, fulani hasafishi choo, ukiufuata nyuma utaukuta umeanzia kwenye tangi, kwenye waya au kwenye ufunguo. Vitatu hivyo mnaviweza.

Maji kwanza. Mhesabieni kila mmoja lita 50 kwa siku: kuoga, udhu, kufua, choo, kupika na kunywa. Dahalia ya watu 120 inataka lita 6,000. Tangi la lita 5,000, ambalo ukiliangalia pale juu ya mnara unaona linatosha kijiji, linakauka kwa saa 20. Pahala ambapo maji ya ZAWA, Mamlaka ya Maji Zanzibar, huja kwa zamu, akiba isipungue ya siku mbili, yaani lita 12,000. Andikeni hesabu hii kwenye barua yenu kwa uongozi. Neno "maji hayatoshi" halimtikisi mhasibu. Lita 12,000 dhidi ya lita 5,000 zinamlazimisha ajibu.

Kisha tazameni saa. Maji ya dahalia hayatumiki sawasawa mchana kutwa. Kati ya adhana ya alfajiri na saa 1 asubuhi kila mtu yuko bafuni, na Ramadhani foleni ya pili huanza usiku wa daku. Bomba linaloteremka kutoka kwenye tangi likiwa jembamba, wa karibu na tangi wanaoga na wa mwisho wa ukumbi wanasikia hewa ikipiga filimbi. Hapo hata tangi la pili halisaidii. Kinachotakiwa ni bomba nene zaidi la kuteremshia. Na urefu una hesabu yake: kila mita 10 za kimo huleta msukumo wa baa 1 tu. Tangi lililokaa kwenye mnara wa mita 3 haliwezi kumwogesha mtu wa ghorofa ya kwanza, kwa sababu bomba lake la kuogea liko juu kuliko tangi lenyewe. Mafundi hubadilishwa, koki hununuliwa, na kosa liko kwenye mnara.

Kabla ya kudai zaidi, zuieni yanayopotea. Tieni jagi chini ya mfereji unaodondoka, lisimame saa moja. Likijaa lita moja, mfereji huo unamwaga lita 24 kwa siku, na tiba yake ni mpira mdogo wa kuzibia ambao kila duka la vifaa vya mabomba linao. Choo cha kuflashi hupoteza zaidi, na hupoteza kimya kimya. Tieni rangi ya chakula kwenye tangi lake la nyuma, mtu asiflashi kwa dakika 20. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini umelegea. Jioni moja inatosha kupima vyoo vyote vya jengo.

Kusafisha tangi ni mara mbili kwa mwaka, moja iwe baada ya masika. Limwageni, lisuguliwe kwa burashi bila sabuni, na anayeingia ndani asiwe peke yake. Lijazeni, tieni unga wa klorini wa asilimia 65: gramu 75 kwa kila lita 1,000, kwa hiyo tangi la lita 5,000 linachukua gramu 375. Unga ukorogwe kwanza kwenye ndoo, utulie, kinachomiminwa ni yale maji maangavu ya juu. Fungueni mifereji yote mpaka harufu ifike, fungeni, acheni kwa saa 12, halafu mwageni na msuuze. Maji yale yasiende kwenye bustani wala kwenye karo, yaani shimo la maji machafu, maana yanaua vijidudu vinavyolifanya karo lifanye kazi. Mfuniko urudishwe ukae sawasawa. Mbu wanaobeba homa ya dengi hupenda maji safi yaliyosimama, na yai huwa mbu mzima ndani ya siku 7 hadi 10.

Hilo karo nalo. Sisi tunakaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji machafu hupenya kwenye nyufa upesi kuliko yanavyopenya kwenye udongo, na sehemu kubwa ya maji tunayokunywa Unguja hutoka chini ya mawe hayo hayo. Kisima kiwe angalau mita 30 mbali na shimo la choo. Karo litapishwe tope likifika thuluthi ya kina, lisingojwe mpaka linuke. Linaloziba mabomba ya dahalia za wasichana ni taulo za kike, na kubandika tangazo ukutani hakujawahi kuzibua bomba. Kila choo kiwe na pipa lenye mfuniko wa kukanyaga, mfuko ndani, na mtu wa kuutoa kila siku kwa jina lake. Pipa lisilomwagwa siku tatu humrudisha kila mtu kwenye kuflashi, na huwezi kumlaumu.

Kwenye umeme nitasema wazi: marufuku ya majiko vyumbani haijafanya kazi, wala haitafanya. Mwanafunzi asiye na pesa ya kula mkahawani atapika, na akikatazwa atapika uvunguni mwa kitanda, karibu na godoro la sponji. Hesabu ya hatari ni nyepesi. Soketi zetu ni za ampea 13, umeme ni volti 230. Zidisha, unapata wati 2,990, huo ndio mwisho wa soketi moja. Birika la umeme wati 2,000, pasi 1,000: tayari mmevuka. Ongezeni jiko la wali la wati 700 kwenye ekstensheni ile ile, imekuwa ampea 16. Ekstensheni za bei rahisi zina waya wa milimita za mraba 0.75, waya unaostahimili ampea 6 hivi. Huanza kupata joto, plastiki inalainika, na fyuzi isipokatika kwa sababu kuna mjanja aliyeizungushia karatasi ya fedha ya sigara, kinachofuata ni moto.

Kwa hiyo daini chumba kimoja cha kupikia kwa kila ghorofa. Kiwe na laini yake kutoka kwenye bodi ya umeme, waya wa milimita za mraba 2.5, breka ya ampea 20 kwa kila laini, na vyombo vya umeme visizidi viwili vikubwa kwa laini moja kwa wakati mmoja. Meza ya saruji au vigae, isiwe ya mbao. Ratiba ya kupika ibandikwe, na mwezi wa Ramadhani ibadilishwe, kwa sababu futari na daku hukusanya watu wote kwenye nyakati mbili. Wanaopendelea gesi, mtungi ukae nje ya ukuta na mpira upite ukutani. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni na kujificha chini ya vitanda. Maungio hupimwa kwa povu la sabuni. Kuna watu bado wanapima kwa kiberiti, msiwaache jikoni.

Kunguni hawana uhusiano na uchafu wa mtu, na aibu ndiyo inayowaeneza: anayeumwa ananyamaza wiki tatu, na wao wamehamia vyumba vya jirani. Dawa ikipigwa mara moja huua wakubwa na kuacha mayai. Pigeni, kisha rudieni baada ya siku 10 hadi 14, vyumba vya pande zote mbili vikiwemo. Mashuka yafuliwe kwa maji ya nyuzi 60. Kitanda cha mbao chenye nyufa ni nyumba yao. Cha chuma ni bora, mradi matundu ya mabomba yake yazibwe. Na kitanda kisiguse ukuta, acheni upana wa kiganja. Nafasi hiyo husaidia pia wakati wa masika, ukuta unapotoa jasho na kuota ukungu. Kabati lililowekwa mbele ya dirisha ndilo linaloanzisha ukungu huo. Lihamisheni, upepo wa kusi au kaskazi ukitaka kupita upate njia.

Kitabu cha matengenezo kiwepo kimoja, kikubwa, chenye kamba, mlangoni. Tarehe, chumba, kilichoharibika, aliyeambiwa, siku kilipotengenezwa, sahihi ya aliyelalamika. Hiyo sahihi ya mwisho ndiyo yenye nguvu, kwani bila yake fundi huandika "tayari" na mfereji unaendelea kudondoka. Sanduku la vipuri lisikose mipira ya kuzibia, koki mbili za nusu inchi, boya moja, tepu ya nyuzi, fyuzi za ampea 13 na balbu. Kifaa kidogo kinachongoja sahihi ya ofisi tatu ndicho kinachoacha bafu limefungwa muhula mzima.

Waliopanga mitaani, msitoe kodi ya miezi sita kwa sababu chumba kina vigae. Nendeni wakati wa magharibi, fungueni mfereji, muone. Ulizeni mita ya TUKUZA, ile ya umeme wa kulipia kabla, ni ya nani, na kama mnachangia, kila chumba kiwe na mita ndogo yake, la sivyo mwenye friji atalipiwa na mwenye taa. Mkataba uandikwe, hata ukurasa mmoja: kodi, muda, nani analipia pampu ikiungua, hali ya chumba pamoja na picha za siku ya kuingia. Risiti kila mara. Na mjitambulishe kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, wiki ya kwanza, msingojee tatizo ndipo mumtafute.

Wenzenu wa Pemba wanaosoma Unguja, na wa Unguja wanaosoma Pemba, hawawezi kubeba godoro kwenye boti kila likizo. Dahalia ikifungwa, kiwepo chumba kikavu chenye rafu zilizoinuliwa sakafuni, kila mzigo una kibandiko chenye jina, chumba na idadi ya vipande, orodha kwa nakala mbili. Laptopu na vyeti visipokelewe.

Limebaki la ufunguo. Dahalia za wasichana hufungwa kwa kufuli usiku, na madirisha yana grili. Nia ni ulinzi, naielewa. Lakini moto ukiwaka saa 8 za usiku na kufuli limetiwa nje, na mlinzi kaenda kunywa chai, grili ile ile inakuwa mtego. Kufuli liwe la ndani. Ufunguo mmoja ukae kwenye kisanduku cha kioo karibu na mlango, mwingine kwa mlezi anayelala humo humo. Angalau grili moja kila ghorofa iwe ya kufunguka kwa ndani. Mitungi ya kuzimia moto itazameni kila mwezi, sindano iwe kwenye kijani. Usiku wa leo, kabla hamjalala, ulizaneni ufunguo wa mlango mkubwa uko kwa nani, na kama jibu ni jina la mtu asiyelala hapo, mwamsheni mlezi sasa hivi.