Berlin ina mitaa inayotuhusu: ukurasa wa utalii usiishie Lango la Brandenburg

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nitoe maoni kuhusu makala ya utalii iliyochapishwa katika gazeti lako, iliyowaelekeza wasomaji maeneo ya kutembelea mjini Berlin. Mwandishi alitaja Lango la Brandenburg, jengo la Bunge lenye kuba la vioo, mnara wa televisheni wa Alexanderplatz, mabaki ya Ukuta na Kisiwa cha Makumbusho. Sina ugomvi na orodha hiyo, kwani ni maeneo mazuri na yanafikika kwa urahisi, lakini ndiyo orodha ileile ambayo angepewa mgeni kutoka Tokyo au Toronto. Msomaji wa Kiswahili, hasa Mtanzania, anayo Berlin nyingine ambayo wenyeji wengi wa mji huo hawajawahi kukanyaga, na ambayo yeye ataielewa haraka kuliko wao.

Mtu anaweza kuanzia palepale Langoni bila hata kupanda basi. Akitembea dakika chache kuelekea kusini kwa barabara ya Wilhelmstraße atafika namba 92, mahali lilipokuwa jumba la Kansela Bismarck, ambamo wajumbe wa mataifa 14 walikutana katika Mkutano wa Berlin kuhusu Afrika kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885 bila kuwamo Mwafrika hata mmoja. Jumba halipo tena. Pamebaki maghorofa ya makazi yaliyojengwa katika miaka ya mwisho ya Ujerumani Mashariki, na kando ya njia kuna bango la ukumbusho ambalo wapita njia wengi hulipita bila kugeuza shingo. Tumezoea kusema kwamba bara la Afrika lilikatwa vipande mezani hapo, jambo ambalo si sahihi sana, maana mkutano ule ulishughulikia zaidi biashara ya mito ya Kongo na Niger pamoja na masharti ya kumiliki pwani, na mipaka mingi ilichorwa baadaye kwa mikataba ya nchi mbili mbili. Linalotugusa sisi moja kwa moja lilitokea siku iliyofuata baada ya wajumbe kuagana: tarehe 27 Februari 1885 Mfalme wa Ujerumani aliitilia sahihi hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters, kwa kutegemea karatasi ambazo Peters alikuwa amewatilisha sahihi watawala wa Usagara, Nguru, Useguha na Ukami.

Jina hilo la Peters ndilo linalonipeleka kwenye sehemu ninayotamani kuliko zote gazeti lako liitangaze, nayo ni mtaa uitwao Afrikanisches Viertel, ulioko Wedding, kaskazini magharibi ya katikati ya mji. Treni ya chini ya ardhi namba U6 inafika huko, na mgeni anaweza kushuka kituo cha Rehberge au kile kiitwacho Afrikanische Straße. Ukitoka kituoni huoni sanamu wala jumba la fahari. Unaona makazi ya watu wa kawaida, miti mikubwa kando ya njia, maduka ya kinyozi na ya mboga, na vibao vya barabara ambavyo vitamfanya Mtanzania asimame: Tangastraße, Usambarastraße, Sansibarstraße, na jirani zake Ugandastraße na Kongostraße. Barabara za kwanza kupewa majina ya namna hiyo zilikuwa za Kamerun na Togo, mwaka 1899, na nyingine zikaongezwa kadiri mji ulivyopanuka. Wakati huo mfanyabiashara wa wanyama kutoka Hamburg, Carl Hagenbeck, alikuwa na mpango wa kuweka katika eneo hilo maonyesho ya kudumu ya wanyama na ya watu kutoka makoloni, wawekwe pamoja watazamwe kwa kiingilio. Vita ya 1914 ilivuruga mpango huo kabla haujatekelezwa, na viwanja vya Rehberge vikaja kuwa bustani ya umma yenye vilima, kidimbwi na viwanja vya michezo, ambako leo familia za Wedding hupumzika mwisho wa juma.

Msomaji wa Unguja ataruhusiwa kucheka kidogo mbele ya kibao cha Sansibarstraße. Ujerumani haikuwahi kuitawala Zanzibar. Kwa mkataba wa 1890 iliachia madai yake huko na hata Uganda, na yenyewe ikakabidhiwa na Uingereza kisiwa kidogo cha Helgoland katika Bahari ya Kaskazini.

Kwa miongo mingi barabara iliyokatiza mtaa huo iliitwa Petersallee. Iliitwa hivyo mwaka 1939, chini ya utawala wa Wanazi, kwa heshima ya huyo Carl Peters ambaye wazee wetu walimpa jina la Mkono wa Damu, na ambaye hata serikali yake mwenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897 kwa sababu ya ukatili alioufanya Kilimanjaro. Malalamiko yalipozidi, mwaka 1986 wakubwa wa mji walitangaza kwamba jina sasa linamhusu Peters mwingine, Hans Peters, mwanasheria aliyewapinga Wanazi, na kibao kikabaki vilevile. Ujanja wa kiofisi wa aina hiyo hauhitaji mkalimani kwa mtu aliyekulia kwetu. Vyama vya Waafrika na Wajerumani weusi havikukubali, na miongoni mwa waliosimama mstari wa mbele ni Mtanzania, Mnyaka Sururu Mboro, mmoja wa waanzilishi wa chama cha Berlin Postkolonial, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwatembeza wageni na wanafunzi katika barabara hizo akiwasimulia yaliyofichwa nyuma ya majina. Baadhi ya wakazi na wenye biashara walipinga mabadiliko, wakawasilisha pingamizi, na shauri likachukua miaka. Tarehe 23 Agosti 2024 hatimaye Petersallee iligawanywa sehemu mbili: moja ikapewa jina la Anna Mungunda, mwanamke wa Kiherero aliyeuawa Windhoek katika maandamano ya Desemba 1959, na nyingine ikaitwa Maji-Maji-Allee.

Naomba wasomaji walitazame jambo hilo kwa utulivu. Vita iliyoanza katika vilima vya Umatumbi mwaka 1905, ikawaunganisha watu wa kusini waliokuwa wakilazimishwa kulima pamba, ikazimwa kwa risasi na kisha kwa kuchoma mashamba na maghala hadi njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki, sasa imeandikwa kwenye kibao cha barabara ya Berlin, na anwani hiyo huandikwa kila siku kwenye bahasha za bili za umeme. Barabara hizo mbili zinakutana kwenye uwanja ambao tangu Desemba 2022 unaitwa Manga-Bell-Platz, kwa jina la Rudolf Manga Bell, mfalme wa Waduala wa Kamerun aliyenyongwa mwaka 1914, na karibu na hapo iko barabara yenye jina la Cornelius Fredericks, kiongozi wa Wanama wa Namibia. Desturi ya Berlin ni kuliacha jina la zamani kwa muda chini ya lile jipya likiwa limepigwa mstari mwekundu, ili wakazi na wapeleka barua wazoee. Anayefika mapema baada ya mabadiliko huyakuta majina yote mawili kwenye nguzo moja.

Upande wa kusini wa mji, katika wilaya ya Neukölln, karibu na kituo cha Hermannplatz, kuna barabara fupi ambayo nathubutu kusema wabunge wetu wengi hawaijui. Tangu Aprili 2021 inaitwa Lucy-Lameck-Straße. Lucy Lameck, aliyezaliwa Moshi mwaka 1934, alianza kazi kama muuguzi, akasoma Chuo cha Ruskin kule Oxford, akawa mbunge na mwanamke wa kwanza nchini kupewa dhamana ya ngazi ya naibu waziri. Jina lake limeondoa lile la Hermann von Wissmann, afisa aliyetumwa mwaka 1889 na kikosi cha askari waliokodiwa Misri na Msumbiji kwenda kuvunja upinzani wa pwani uliokuwa ukiongozwa na Bushiri bin Salim, ambaye alinyongwa Pangani Desemba mwaka huohuo. Huku kwetu Lucy Lameck hutajwa mara chache, na sioni ubaya kusema kwamba Neukölln imetutangulia.

Kutoka hapo ni mwendo wa miguu hadi Tempelhofer Feld, na hapa mgeni anaweza kupumzika kidogo na historia nzito. Ni uwanja wa ndege wa zamani uliofungwa mwaka 2008, ambao ulipata umaarufu wakati ndege za Marekani na Uingereza zilipoulisha upande wa magharibi wa mji katika mzingiro wa Wasovieti wa 1948 na 1949. Mwaka 2010 ulifunguliwa kuwa bustani yenye zaidi ya hekta 300, na mwaka 2014 wananchi walipiga kura ya maoni wakakataa usijengwe nyumba. Njia za kurukia ndege zipo vilevile, pana na ndefu, na juu yake watu wanaendesha baiskeli, wanarusha vishada na kuwafundisha watoto kutembea. Pembezoni mwake, kwenye barabara ya Columbiadamm, upo msikiti wa Şehitlik wenye minara miwili ya Kituruki na makaburi ya Waislamu ambayo yametumika tangu karne ya 19. Mwislamu wa kutoka pwani atapata humo pahala pa kuswali Ijumaa na pa kutuliza miguu.

Sehemu inayofuata ni ndogo kiasi kwamba mtu anaweza kuikanyaga bila kujua. Mbele ya nyumba namba 193 ya barabara ya Brunnenstraße, karibu na kituo cha Rosenthaler Platz, kuna kijiwe cha shaba cha sentimita 10 kwa 10 kilichozamishwa kati ya mawe ya njia, na nyayo za wapita njia ndizo zinazokisugua. Kina jina la Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana zaidi Berlin kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari Mwafrika wa jeshi la Kijerumani, naye akaingizwa jeshini akiwa bado mtoto katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa, akaambiwa hana haki. Alibaki huko, akawa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland pale Potsdamer Platz, akafundisha Kiswahili chuoni kama msaidizi na kucheza katika filamu za Kijerumani alizohitajika kuwa mtumishi au mbeba mizigo. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kuhusiana na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia humo Novemba 1944. Kazi yake ya ualimu ilikuwa imetanguliwa na ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin tangu 1900 na kufariki mjini humo mwaka 1927. Wanaojifunza lugha yetu Ujerumani leo wanapita katika njia iliyochongwa na watu hawa.

Kuhusu yule mjusi mkubwa wa kale, dinosauri wa Tendaguru, Lindi, sitasema mengi, kwa kuwa amekwisha kujadiliwa bungeni na magazetini. Yupo katika makumbusho ya viumbe ya Invalidenstraße, ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu, na hakuna mifupa ya dinosauri iliyosimamishwa popote duniani inayomzidi kimo. Naongeza moja tu ambalo katika mjadala wa kumrudisha au kutomrudisha huwa tunalisahau: mifupa hiyo ilifukuliwa kati ya 1909 na 1913 na mamia ya vibarua wa Lindi chini ya msimamizi aliyeitwa Boheti bin Amrani, ikabebwa na wapagazi kwa siku kadhaa hadi bandarini. Anayekwenda kumtazama mjusi amtafute na Boheti katika maelezo. Asiende Jumatatu, kwani makumbusho hufungwa.

Najua atakuwapo msomaji wa kuuliza kwa nini mtu alipe nauli na viza, kisha akatafute misiba ya babu zake badala ya kustarehe. Simlaumu. Ila Rehberge na Tempelhofer Feld ni starehe pia, tena bila kiingilio na bila foleni ya Bungeni, na barabara nilizozitaja hazimtaki mtu akae na huzuni kutwa nzima. Zaidi ya hayo, kila mwezi Machi maofisa na wafanyabiashara wetu wa utalii, wa Tanzania na Kenya, husafiri kwenda Berlin kwenye maonyesho ya ITB kuwashawishi Wazungu waje kuona Serengeti na Masai Mara. Ujumbe mzima unaweza kufika na kurudi bila mtu hata mmoja kupiga picha chini ya kibao cha Maji-Maji-Allee, na hapo ndipo ukurasa wako wa utalii ungefanya kazi ambayo wakala wa safari hataifanya.

Pendekezo langu, Ndugu Mhariri, ni makala ya pili yenye ramani ndogo ya maeneo haya. Yote yamo ndani ya kanda A na B za usafiri wa mji, kwa hiyo tiketi moja ya kutwa inatosha. Mtu aanze Wilhelmstraße asubuhi, apande U6 kwenda Wedding kabla ya saa sita mchana, na aache Neukölln kwa jioni, wakati Tempelhofer Feld linapokuwa na watu wengi zaidi. Nikihitajika kusaidia kuhakiki majina ya barabara na vituo, niko tayari.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msomaji wako,
Wedding, Berlin